Wimbo wa Msichana Ndani ya Ngoma

Barua ya mwaliko ilikuwa fupi na yenye adabu. Ilieleza kwamba kongamano la fasihi la wanafunzi lingefanyika Kitale kwa muda wa siku 3, kwamba mada yake ilikuwa utambaji wa hadithi, na kwamba kila chama kingemtoa mtambaji mmoja ambaye angepewa dakika 20 jukwaani. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, utambaji wote uwe kwa Kiswahili sanifu. Pili, matini kamili ya ngano, iliyochapwa, imfikie katibu wiki 2 kabla ya siku yenyewe ili itiwe katika kijitabu cha kongamano. Wanachama walimteua binti mmoja wa mwaka wa pili wa uzamili, mzaliwa wa Bumula katika Kaunti ya Bungoma, kwa sababu ambayo hakuna aliyeificha: kati yao wote, ni yeye peke yake aliyekuwa na nyanya aliye hai ambaye bado anatamba.

Masharti hayo hayakumtisha. Alikuwa ameisoma fasihi simulizi tangu kidato cha kwanza, akaijibia maswali katika Karatasi ya Tatu ya mtihani wa kidato cha nne, akaifundisha mwaka mmoja kabla ya kurudi chuoni, na sasa alikuwa akiiandikia tasnifu. Sifa za mtambaji bora angeweza kuzitaja hata usingizini. Kwa hesabu yake, kazi iliyosalia ilikuwa ya mwisho wa juma mmoja tu: aende nyumbani, amsikilize Kukhu, kama Wabukusu wanavyomwita nyanya, arekodi kwa simu, atafsiri, achape, atume.

Alifika Bumula Jumamosi adhuhuri, juu ya pikipiki iliyolazimika kusimama mara mbili kando ya barabara kulipisha trekta lililosheheni miwa. Kukhu alikuwa ameketi chini ya mwembe akipepeta maharagwe. Wakaamkiana mulembe, wakaulizana habari za wazima na wagonjwa, na mara tu adabu iliporuhusu binti akaitoa haja yake.

"Kukhu, nimekuja unipe ile ya linani na ngoma."

"Sasa hivi? Na jua hili lote?"

Binti alikuwa amesahau. Ama tuseme hakusahau, kwani mwiko wa kutamba ngano mchana umo katika sura ya pili ya tasnifu yake, ambako umepewa aya nzima pamoja na maelezo kwamba lengo lake lilikuwa kuzuia uvivu wakati wa kazi. Ila hakuwa amefikiria kwamba mwiko huo ungemhusu yeye mwenyewe, Jumamosi, na begi lake likiwa bado begani. Alipewa ungo wa pili akaanza kupepeta.

Jioni ilileta kikwazo kingine. Nyumba kubwa ina stima na televisheni, na wajukuu wote walikuwa mbele yake. Binti akamfuata Kukhu jikoni, akaiweka simu juu ya kinu, akaiwasha, akangoja. Kukhu aliitazama simu, akamtazama mjukuu wake, akaendelea kukoroga mrenda.

"Nikutambie wewe na hiyo simu? Simu haiitikii."

Wanafunzi wa Kiswahili wanayajua vyema maelezo ya Profesa M. M. Mulokozi kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo linatawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Orodha hiyo wameikariri, wameiandika katika mitihani, na wengi wamepewa alama zote. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kupewa alama zote na bado akamwendea nyanya yake mchana, bila hadhira, akiwa na kifaa mkononi. Katika yale mambo sita, binti huyu alikuwa na fanani tu, tena fanani aliyekuwa amemkasirisha kidogo.

Mnamo saa mbili usiku stima ilipotea. Si jambo geni, na kwa mara hii lilikuwa neema. Watoto walipapasa gizani hadi jikoni palipokuwa na moto, wakajibanza, na Kukhu akaanza bila kuombwa. Hakusema "Paukwa", wala hakungoja "Pakawa". Fomula hiyo ni tamu na ina watu wake, lakini vitabu vya shule vimeifanya kama kwamba hakuna ngano inayoweza kuingia ulimwenguni bila kupitia mlango huo. Kukhu alivisogeza vijinga vya moto, akakohoa, akawauliza watoto ni nani kati yao aliyekwenda kuokota kuni siku hiyo. Mtoto mmoja akasema ni yeye. "Basi," akasema Kukhu, "wewe ndiwe uliyezisahau shanga."

Ngano yenyewe si ngeni kwa msomaji wa fasihi. Wasichana wanakwenda kuokota kuni ng'ambo ya mto. Wakati wa kurudi, mmoja wao anakumbuka kwamba ameziacha shanga zake juu ya jiwe. Anawasihi wenzake warudi naye, na kila mmoja ana sababu ya kukataa. Anarudi peke yake na kulikuta zimwi limelikalia jiwe lile. Zimwi linamtia ndani ya ngoma, linaiwamba ngozi, na kuanza kuzunguka bomani mwa watu. Kila linapofika, linaipiga ngoma, msichana anaimba kwa hofu, na watu wanaostaajabia ngoma yenye sauti ya mtu wanalijazia zimwi chakula. Siku moja, bila kujua, linaingia katika boma la wazazi wa msichana. Mama, aliyekuwa akisaga wimbi, anaisikia sauti ile. Hasemi neno. Analikaribisha zimwi, analinywesha busaa hadi linalala, anaifungua ngoma, anamtoa mwanawe, na mahali pake anatia mzinga wa nyuki.

Alice Werner, katika kitabu chake cha 1933 kuhusu visasili na ngano za Wabantu, aliionyesha ngano ya namna hii kuwa imetapakaa kutoka kusini mwa Afrika hadi pwani ya Waswahili, ambako msichana hasahau shanga bali kombe alilookota ufukweni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Kiswahili kilikuwa kikiingojea Bumula ili kipate ngano ya msichana ndani ya ngoma. Kilikuwa nayo. Ambacho hakikuwa nacho ni wimbo wa Kukhu.

Wimbo huo una mistari 6. Msichana anaimba kwamba kuni amezifunga, kwamba mto umejaa, kwamba wenzake wametangulia, na anamwita mama yake kwa jina ambalo mama huitwa na mtoto aliyemzaa. Kisha anajitaja yeye mwenyewe. Na hapa ndipo binti alipogundua jambo ambalo miaka yote ya utotoni lilikuwa limempita. Usiku ule msichana ndani ya ngoma aliitwa Nafula. Binti alikumbuka kwa hakika kwamba yeye alipokuwa mdogo msichana huyo alikuwa na jina lake yeye. Asubuhi aliwauliza binamu zake. Mmoja alisema aliitwa Nekesa, mwingine akaapa kwamba ni Naliaka. Kukhu alikuwa akimpa msichana jina la mjukuu aliyeketi karibu naye zaidi. Majina ya Wabukusu aghalabu hutokana na majira, Nafula ni wa mvua, Nekesa ni wa mavuno, Naliaka ni wa palizi, Nasimiyu ni wa kiangazi, Nanjala ni wa wakati wa njaa, na kwa hiyo katika jiko lile zimwi lilikuwa limemteka mtoto wa kila msimu wa mwaka.

Jumapili alasiri, akiwa peke yake chumbani, alitafsiri. Alijipa sharti la mizani 8 kwa kila mstari na vina vya mwisho, kwa kuwa aliamini kwamba wimbo uingiapo Kiswahili hauna budi kuvaa mavazi ya wenyeji. Haikuwa kazi mbaya. Beti zilisimama, vina vilitii, na "mama" ikapata mahali pake panapofaa. Jua lilipotua akampelekea Kukhu, akamsomea, kisha akamwimbia.

Ieleweke kwamba Kukhu si mgeni wa Kiswahili. Aliuza ndizi na mboga sokoni Bungoma kwa miaka mingi, na katika soko hilo hakuna anayeuza kwa lugha moja. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba ni wimbo mzuri. Halafu akasema:

"Lakini msichana huyo si wetu. Mama yake angelipa zimwi chakula, likaenda zake."

Binti hakulala mapema. Sentensi ile ilikuwa imeibomoa ngano nzima kutoka msingini, na haikuwezekana kuijibu. Ngoma ilikuwa imepigwa katika maboma mengi. Watu wote waliusikia wimbo, wote waliyaelewa maneno, wote wakaona ni ajabu, wakatoa ugali. Mama ndiye peke yake aliyemsikia mtoto. Tafsiri ya binti ilikuwa imeyahifadhi maneno yote na kumwacha mtoto ndani ya ngoma.

Alirudi chuoni na simu yenye rekodi ya dakika 31, sehemu yake kubwa ikiwa ni kikohozi, kuni zinazopasuka na watoto wanaoitikia kabla ya wakati. Suluhisho lake la kwanza lilikuwa rahisi: yote yatambwe kwa Kiswahili, ila wimbo ubaki kwa Kibukusu. Aliwaeleza wenzake chamani, nao wakagawanyika. Wapo waliosema kwamba sharti ni sharti, na kwamba chama cha Kiswahili hakiwezi kupeleka ngano ambayo kilele chake kimo katika lugha nyingine. Mmoja alipendekeza kinyume chake, yaani zimwi ndilo lizungumze Kiswahili kwa kuwa linatembea nchi nzima na lazima liwe na lugha ya kutembelea. Alizomewa kwa furaha. Kukipa Kiswahili kinywa cha zimwi mbele ya wageni wa vyuo vingine! Ingawa, kwa kusema kweli, hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na kuna wanahistoria wa lugha ambao wangeiunga mkono.

Pingamizi lililouma lilitoka kwa msimamizi wake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Katika ukumbi huo wa Kitale, nani atakuwa mama?" Wasikilizaji wangetoka Mombasa, Machakos, Dodoma, Kampala. Wimbo wa Kibukusu ungewafikia kama ngoma yenye sauti ya ajabu. Wangestaajabu, wangepiga makofi, na makofi ni ugali wa ukumbini. Wangekuwa maboma yale mengine.

Hapo binti aliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwamba kwa muda wa siku 8 zilizobaki angetakiwa kutafuta njia ya tatu. Njia hiyo ilimjia akiwa kwenye foleni ya chakula. Katika maboma ya kwanza msichana ataimba kwa Kiswahili, mizani zikiwa zimetimia, kwa kuwa zimwi limemwamuru aimbe kwa lugha ambayo watu wa kila boma wanaielewa. Hadhira itaujua wimbo, itaujua mpaka iweze kuuitikia. Ngoma itakapoingia bomani kwa mama, wimbo ule ule, kwa lahani ile ile, utatoka kwa Kibukusu. Ukumbi hautayaelewa maneno, lakini utakuwa tayari unayajua. Utasikia kwamba kuna kitu kimebadilika na utamwona mama akiacha kusaga.

Alimpigia Kukhu usiku, akamweleza. Kukhu alifikiri kwa muda, kisha akauliza swali ambalo halikuwa limewajia wahadhiri wala wanachama.

"Na zimwi halikusikia kwamba lugha imebadilika?"

"Limelewa, Kukhu."

"Bado. Busaa inakuja baada ya wimbo."

Kweli. Binti aliitazama rasimu yake, ambamo shimo hilo lilikuwa wazi kama mlango. Walinyamaza wote wawili. Mwishowe Kukhu ndiye aliyelitengeneza: zimwi liwe limetoka mbali, ng'ambo ya mlima, na lugha zote za huku masikioni mwake ni kelele moja. Binti aliuliza kwa woga kama inaruhusiwa kuibadilisha ngano namna hiyo. Kukhu alicheka hadi akakohoa. Alisema amwulize shangazi yake.

Shangazi huyo ameolewa Kiminini, upande wa Trans Nzoia, na ndiye angempokea usiku wa kuamkia kongamano. Eneo lile lilikuwa la mashamba makubwa ya walowezi, na Wabukusu wengi walikwenda huko kufanya kazi kabla ya uhuru na kununua ardhi baadaye. Shangazi aliipeleka ngano huko akiwa bibi harusi, na ilipofika ilijifunza mambo ya huko. Zimwi lake halizunguki bomani, linazunguka katika nyumba za vibarua likidai posho. Mama hasagi wimbi, anachambua mahindi. Shanga zimekuwa kitambaa cha kichwa. Wimbo peke yake haukuguswa, hata silabi moja, na shangazi alipoulizwa kwa nini, alishangaa kuulizwa.

Pengine msomaji atauliza kwa nini basi mtu ahangaike kuandika. Jibu binti analo, na halihusiani na masharti ya katibu. Kukhu alizaliwa karibu na Februari 1948, wakati polisi walipowapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa kule Malakisi. Ni tukio ambalo mama yake alilitumia kumhesabia umri. Pumzi yake sasa haimalizi mistari 6 bila kupumzika. Ngano za Wabukusu zilizokusanywa mnamo 1936 chini ya uongozi wa Mjerumani Günter Wagner zilingoja hadi 1995 ndipo Mholanzi Jan de Wolf akazitoa kitabuni. Muda wa takriban miaka 60 kwenye karatasi ni mrefu, lakini waliozitamba mwaka ule hawakuweza kungoja hivyo, na bila karatasi zile sauti zao zisingesikika hata kwa mbali. Binti amezisoma, na anazishukuru. Asichojua ni majina ya watoto waliokuwa wameketi karibu.

Siku zilizofuata zilikwenda kwa mazoezi. Mwenzake mmoja kutoka Kilifi alijitolea kumsikiliza katika darasa tupu, akiwa na kalamu ya kuhesabia makosa. Kibukusu hakina sauti /d/ wala /g/ isipokuwa zikitanguliwa na nazali, na hivyo "ngoma" ilitoka bila taabu ilhali "goti" lilikuwa "koti" kila mara alipochoka. Katika kilele cha ngano, pale mama anapopiga magoti kuifungua ngoma, mama alipiga makoti mara 3 mfululizo, na mazoezi yakavunjika kwa kicheko. Walijaribu "akainama". Ilisikika vizuri, na haikuwa na hatari yoyote. Binti aliifikiria usiku kucha, akayarudisha magoti. Mama wa ngano ile hainami.

Kuchapa kulikuwa kazi ya jioni moja. Mistari 6 ya Kibukusu aliiandika kwa herufi za mlazo. Chini yake hakuweka tafsiri, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kutajwa mara 3 katika kurasa zilizotangulia. Kwenye jina la msichana alisita. Aliandika Nafula, akalifuta. Aliandika jina lake mwenyewe, akaona aibu, akalifuta pia. Mwishowe aliweka mstari wa nukta kila mahali palipostahili jina, akatuma.

Katibu alipiga simu siku ya tatu. Alikuwa mtu mstaarabu. Alisema kwamba kamati imeisoma matini na imeipenda, kwamba suala la Kibukusu litazungumzwa na majaji wenyewe, na kwamba hawezi kumwahidi lolote kuhusu alama. Shida yake ilikuwa ya uchapaji. Katika ukurasa wa 2, wa 3 na wa 5 kulikuwa na nafasi wazi, na alitaka kujua kama jina lilipotea kompyutani.

Binti alimweleza. Jina litapatikana ukumbini, kutegemea msichana atakayekuwa ameketi karibu na jukwaa. Kijitabu kichapwe na nukta zake.

Katibu alikaa kimya, na karatasi zikasikika zikifunuliwa. Kisha akasema kwamba safu ya mbele imetengewa wajumbe kutoka Tanzania. Je, msichana ndani ya ngoma anaweza kuitwa Mwanahamisi? Na akiitwa Mwanahamisi, mama yake atamjibu kwa Kibukusu?

Hilo binti hakuwa amelifikiria. Alimwomba katibu ampe nafasi amwulize mwenye ngano, akakata simu, akaanza kulitafuta jina la Kukhu kwenye simu yake. Halafu akaangalia saa. Ilikuwa saa nane mchana. Ikambidi angoje jua litue.